Makubazi Mlangoni pa Hekalu

Wifi yangu amemwambia mwanangu kwamba babu yake amesafiri. Mzee hata hajatolewa hospitali, sisi tumekaa sebuleni kwangu hapa DeSoto, kando ya Dallas, tunapanga nani atakwenda kumwosha, mtoto anauliza mbona miwani ya babu ipo mezani na mwenyewe hayupo. Wifi akamvuta mapajani, akamwambia kwa ile sauti tamu ya kudanganyia watoto, "Babu kasafiri, mpenzi. Kaenda mbali. Atakuletea zawadi."

Nikamwita mwanangu. Nikamkalisha chini, nikamwambia babu amekufa, nikamweleza kufa ni nini kwa kadiri ninavyojua mimi. Alilia na mimi nikalia naye. Wifi akasema nina moyo wa jiwe. Mashangazi waliokuwa jikoni wakaguna, na tangu siku hiyo napigiwa simu kutoka Plano mpaka Houston naambiwa Umarekani umenitoa adabu. Umarekani gani. Nimemaliza sekondari nikaolewa, hakuna mwalimu aliyenifundisha hili. Nilifundishwa na mwanamke wa Kihindi mlangoni pa hekalu, na nyinyi wa rika langu mliolelewa huku kwa uongo kama huu niliolelewa nao mimi, someni mniambie nani hana adabu.

Mazishi yamepita, hasira imebaki. Siku ile mume wangu aliporudi kutoka kumwosha baba yake, alipita karibu yangu na mikono inanuka karafuu maiti. Harufu hiyo niliijua kabla sijalijua jina lake. Jina lenyewe linasema kila kitu, lakini jina sikuambiwa. Nilikuwa na pua tu.

Ilikuwa Tanga, nyumbani kwetu, sijaanza hata kung'oka meno. Baba aliumwa kidogo, watu wakajaa ghafla, jirani akanichukua nikacheze na wanawe. Akanipa soda chupa nzima peke yangu, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika nyumba ile yenye watoto wengi. Niliporudishwa jioni, chumba cha Baba kilikuwa kimefagiliwa, kitanda hakina shuka, na harufu imetanda kila mahali: kali, baridi, inapanda puani kama dawa ya kikohozi, kisha kwa mbali inakuwa tamu. Makubazi yake hayakuwa mlangoni. Yalikuwa makubazi ya ngozi, mkanda mmoja ulikatika akaushona mwenyewe kwa uzi mweusi. Nikauliza Baba yuko wapi. Bibi akasema, "Baba kasafiri." Mama alikuwa amekaa chini, uso kauelekeza ukutani.

Wazo halikuwa la Bibi. Lilikuwa la Mjomba, kaka yake Mama, aliyekuwa Houston. Alipiga simu akasema mtoto mdogo haambiwi msiba, atashtuka, mwacheni asahau mwenyewe. Mtu yuko upande wa pili wa dunia, kaburi hajaliona, udongo hakuutia, lakini ndiye aliyeamua mimi nijue nini. Na watu wazima wote waliomzunguka Mama wakatii, kwa sababu Mjomba ndiye aliyekuwa Marekani.

Basi mimi nikafanya hesabu yangu ya kitoto. Mtu akitaka kusafiri safari kubwa, hupakwa manukato yale, akavaa makubazi yake, akaondoka. Mbona ni rahisi. Na Mama alipomaliza eda, Mjomba akatuvuta na sisi, karatasi zikatimia, tukaenda uwanja wa ndege. Niambieni mtoto angewaza nini. Nilimwuliza Mama, "Tunamfuata Baba?" Akasema, "Panda ngazi, mwanangu." Nikachukua kuwa ndiyo.

Nyumbani kwa Mjomba Baba hakuwapo. Nilichungulia mpaka kwenye kabati. Mjomba akasema, macho yapo kwenye televisheni, "Yuko njiani bado."

Mama akapata kazi ya kutunza mzee huko Pearland, kando ya Houston. Mzee mwenyewe alikuwa mama wa Kigujarati aliyezaliwa Tanga, binti wa mwenye duka. Mwanawe alifanya kazi hospitali mjini, asubuhi mpaka jioni hayupo, na aliposikia Mama ni wa Tanga hakumhoji sana. Kila mtu alimwita Ba, maana yake mama kwa lugha yao, na sisi tukamwita hivyohivyo. Mjomba alipenda kumwigiza bila kumwona: "Veve kuja hapa, veve toa vumbi." Angemsikia angeona haya. Kiswahili cha Ba kilikuwa cha Tanga kitupu, cha kubembeleza na cha kuchamba, kizuri kuliko cha Mjomba aliyekwishaanza kuchanganya lugha. Siku ya kwanza alinitazama juu mpaka chini, akamwambia Mama, "Huyu mbona kama fito? Mnamlisha upepo?" Mama akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Baba aondoke.

Ba alikuwa na nadhiri. Ujanani, yeye na mumewe walipanda milima ya Nepal kwa miguu, siku baada ya siku, mpaka kwenye hekalu lililo juu kabisa, ambako hewa ni nyembamba na maji yanatoka kwenye vinywa vya shaba, baridi kama kisu. Alisema pale Wahindu na Wabudha wanasali mahali pamoja na hakuna anayemfukuza mwenzake. Aliahidi atarudi. Mume akafa, magoti yakafa, daktari akamkataza ndege. Basi akaamua nadhiri ataitimizia hukuhuku: atazuru mahekalu ya Houston, ya Wahindu na ya Wabudha, na mwisho atakwenda hekalu moja kubwa upande wa Dallas, walikomweka mungu yuleyule wa kule mlimani. Na kila hekalu atashuka kwenye gari mbali, aende kwa miguu.

"Ba, Texas haina mlima," Mama alimwambia.

"Nina magoti haya. Kila hatua ni mlima."

Shule zilikuwa zimefungwa, hakuna wa kuniangalia, nikawa naandamana nao. Nyinyi mnaoishi huku mnajua barabara zetu. Njia ya miguu hamna, kuna majani, mtaro, na sisimizi wale wekundu wanaochoma. Ba alitangulia na fimbo, sari kaipandisha, chini raba nyeupe. Mimi nilimshikia mwavuli, mkono juu mpaka unakufa ganzi. Mama nyuma anasukuma kiti cha magurudumu kitupu, maji yamening'inia kwenye mpini. Magari yanatupita, vumbi linatujaa. Siku moja mzungu mmoja mwenye kofia alisimamisha gari lake la kubebea mizigo, akauliza kama tumeharibikiwa. Mama kwa Kiingereza chake cha siku zile akasema hapana, bibi anasali. Yule bwana akamtazama Ba, akakitazama kiti kitupu, akasema basi naye aombewe, akatupa chupa za maji akaenda zake.

Kwenye hekalu la kwanza, Mama aliishia mlangoni. Alikuwa na benchi lake kila tulipokwenda, anakaa na tasbihi yake anamtaja Mungu wake taratibu. Kwangu mimi alitoa amri: "Mshike bibi mkono, asianguke. Usiiname popote. Ukipewa chakula sema ahsante, ukilete nikione kwanza." Nikavua viatu. Nikaingia. Na ndani kule, mtu mmoja kifua wazi akawasha kitu kwenye sahani ya shaba mbele ya sanamu, moto ukapanda, na harufu ikanijia.

Ilikuwa ileile ya chumba cha Baba.

Watu walikuwa wanapitisha viganja juu ya moto na kujipaka usoni. Ba akapitisha vyake, akanipaka na mimi. Nilisimama pale moyo unanidunda kwa furaha. Nisikilizeni vizuri: furaha. Nilijua sasa tuko wapi. Hapa ndipo wasafiri wanapopakwa. Baba amepita hapa, au atapita. Tulipotoka nilikwenda moja kwa moja kwenye rafu za viatu, nikaanza kutafuta makubazi yenye uzi mweusi. Vilikuwa viatu vingi kupita kiasi, na ndala za ngozi zilikuwa nyingi pia, maana Wahindi nao huzivaa. Mama akaniita. Nikamwambia natafuta viatu vyangu. Viatu vyangu nilikuwa nimevaa.

Basi ikawa hivyo. Kila hekalu, Ba anaangalia miungu, mimi naangalia viatu. Kwa Wabudha nilikuwa nachoshwa. Tulikwenda kwenye hekalu la Wavietnam, sanamu nyeupe ya mwanamke imesimama juu ya bwawa, watawa wamenyoa, wanakupa machungwa. Pazuri, lakini kulikuwa na vijiti vya udi tu, harufu yenyewe haipo. Nikajua njia ya Baba haikupitia huku. Ba alipumzika kivulini akanimenyea chungwa. Nikamwuliza, "Ba, msafiri mwisho wake anafika wapi?" Yeye mawazo yake yalikuwa milimani, angejuaje. Akasema, "Kila msafiri mwisho hufika hekaluni, mama. Hata akichelewa." Nililishika neno hilo kama pesa mkononi.

Watu wangu ndio walioniacha hivyo. Sio Ba. Mimi leo ni mama, najua mtoto anapobeba kitu kizito moyoni kinaonekana mpaka mgongoni, na mtu aliyetaka kuona angeona.

Matata yalikuja kwenye hitima ya mtu fulani, Watanzania wote wamejaa, pilau inapakuliwa. Asubuhi yake nilikuwa hekaluni, na alama nyekundu aliyonitia Ba kwenye paji la uso haikutoka vizuri. Mwanamke mmoja akanishika kidevu, akageuza uso wangu kwenye mwanga kama anayenunua samaki. "Hii ni nini?" Hakumwuliza Mama. Alikwenda kumwuliza Mjomba.

Nyumbani Mjomba hakuvua hata koti. "Umempeleka mtoto wa Kiislamu kwenye masanamu."

"Nimempeleka kazini," Mama akasema. "Ulitaka nimwache na nani? Na wewe?"

"Watu wanasema."

"Watu hao hao wanakula bajia za Ba nikizileta. Na wewe unalamba mpaka karatasi."

"Usinitanie. Mimi ndiye niliyekuleta hapa. Mwambie yule Mhindi atafute mtu mwingine wa kumsukuma. Ukikanyaga tena huko, utafute pa kulala na mwanao."

Nilikuwa nimesimama kwenye ujia. Masanamu hayakunihusu, pa kulala hapakunihusu. Niliona kitu kimoja tu, kwamba wanafunga njia. Nikatoka nikasema, "Mjomba, tusipokwenda hatutampata Baba. Kule ndiko anakopita."

Mjomba akamtazama Mama. Mama akatazama zulia. Watu wawili wazima, wenye akili zao, wamesikia mtoto anasema maneno yale, na njia ya kuumaliza uongo iko wazi mbele yao, pana kama barabara kuu. Mjomba akasafisha koo. "Nenda kaangalie katuni," akasema.

Ningekuwa na umri nilionao leo ningepindua meza.

Wiki kadhaa hatukwenda popote. Mama alikwenda Pearland kupika na kumwogesha Ba, akarudi. Nami nikakaa dirishani nikingoja. Halafu Ba akaanza kudhoofika, chakula kinamkinaisha, miguu imevimba, na hekalu la Dallas bado. Asubuhi moja Mama alinivalisha, akafunga mkoba, akaniambia niingie garini. Mjomba alikuwa kazini. Tukampitia Ba, na njiani nikamsikia Mama akimwambia, "Nimekuahidi, na mimi si mtu wa kuahidi mgonjwa halafu nikamsingizia kaka yangu." Ba akampiga paja kidogo. "Kaka yako ana sauti kubwa," akasema. "Baba yangu dukani alisema mzani unaopiga kelele ni mbovu."

Dallas ni mbali kutoka Houston, saa nyingi za malisho na vituo vya mafuta, nami sikulala hata kidogo. Hekalu la mwisho. Kama hayupo huko, hayupo popote. Ba alishuka mahali pake pa kushukia, akatembea. Alitembea hatua chache akasimama, chache akasimama, midomo imekuwa ya majivu, Mama anamsihi akae kwenye kiti, hataki. Tulipofika mlangoni mwanawe Ba alikuwa amekwisha kuwapigia simu watu wa hekalu, wanawake wawili wakatoka wakamshika wakaingia naye. Mama akaangukia benchi. Mimi nikaenda kwenye rafu.

Yalikuwa safu ya chini, mwishoni. Makubazi ya ngozi. Mkanda wa kulia umeshonwa kwa uzi mweusi.

Nilikaa chini kando yake. Sikuyagusa. Kutoka ndani kengele zikaanza, na ile harufu ikatoka mpaka nje, na nikajua ndiyo hii sasa, wanampaka, akimaliza atatoka. Nikajifuta uso kwa ncha ya gauni ili anione msafi. Nilipanga nitakachomwambia. Nilipanga nisimlaumu kwa kuchelewa.

Aliyetoka alikuwa kijana wa Kihindi mwenye ndevu changa. Akatia mguu kwenye kubazi la kushoto.

"Hayo ya baba yangu," nikamwambia kwa Kiswahili. Akatabasamu, hakuelewa, akaanza kutia na wa kulia. Nikaushika mguu wake kwa mikono miwili. Nilipiga kelele mpaka watu wakageuka, Mama akaja mbio ananivuta, kijana wa watu kasimama kama mwizi, kiatu kimoja ndani kimoja nje. Aliniachia. Alivua makubazi yake akaniwekea mbele, nikayashika, nikayaona ndani. Unyayo ulikuwa mdogo. Haukuwa mguu wa Baba.

Ba alikuwa ametolewa mlangoni. "Huyu analilia nini?"

"Mtoto tu, Ba, amechoka," Mama akasema.

"Sikukuuliza wewe." Akaketi kwenye benchi la Mama. "Baba yako yuko wapi, mama?"

"Kasafiri. Alipakwa hii harufu akasafiri. Nyumba hizi ndizo wanazopita wasafiri, na wewe ulisema mwisho hufika."

Ba alimgeukia Mama. "Mtoto hajui?"

"Ba, nakuomba."

"Njoo hapa," Ba akaniambia. Alinishika mikono yote miwili, mikono yake ilikuwa ya baridi. "Baba yako amekufa. Hakusafiri. Aliumwa, mwili ukashindwa, akafa. Hatembei popote, hana njaa, hajapotea. Usimtafute tena kwenye viatu vya watu. Na hakukuacha. Anayekufa haachi mtu, ananyang'anywa." Kisha akavuta pumzi, akaniambia habari ya harufu. Baba yake aliiuza dukani Tanga. Watu wetu walikuja kuinunua kumpakia maiti, anukie vizuri, kwa heshima. Watu wake walikuja kuinunua wakaichome mbele ya mungu. "Kutoka kopo moja," akasema. "Nililifungua mimi mwenyewe."

"Hukuwa na haki, Ba," Mama akasema.

"Sikuwa nayo. Ulikuwa nayo wewe. Umeiweka wapi muda wote huu?"

Mimi sikulia. Nilimgeukia Mama nikamwuliza, "Ulijua?"

"Nilijua."

"Na Mjomba?"

"Alijua."

"Na Bibi?"

"Alijua."

"Na jirani aliyenipa soda?"

Mama akajifunika uso. "Alijua."

Mji mzima ulijua. Waliosoma hitima walijua, waliokula walijua, mtu wa uwanja wa ndege aliyenishika shavu pengine naye alijua. Alikufa baba yangu mimi, na mimi peke yangu ndiye nisiyealikwa. Hiyo ndiyo hasira niliyo nayo mpaka leo, na wifi yangu kama anasoma, asome hapo mara mbili.

Ba alirudi nyumbani amelala kiti cha mbele, mdomo wazi, ametimiza. Aliishi mpaka majira ya baridi, na alipokufa niliambiwa siku ileile, kwa neno lenyewe, amekufa, nikamlilia kama mtu anayelia mfu. Lakini safari ile ya kurudi ilikuwa yangu na Mama. Niliuliza, akajibu. Nikauliza aliumwa wapi, nani alimshika mkono, alisema nini. Kaburi liko upande gani. Nani alimwosha. Makubazi alipewa nani. Mengine alijibu huku analia mpaka akalazimika kuegesha kando ya barabara, malori yanatikisa gari, akaja kwangu kiti cha nyuma tukashikana pale, kisha akajifuta, akarudi mbele, akawasha, nikauliza lingine. Hakuna hata moja alilolikwepa.

Tulimshusha Ba Pearland. Tulipofika kwa Mjomba jua lilikuwa linazama, ametandika mswala anangoja magharibi. Alisimama palepale alipotuona, macho yetu yamevimba, nywele zimetimka.

"Mmetoka wapi nyinyi?"

"Msibani," Mama akasema.

Uso wake ukabadilika. "Nani kafa? Mbona sikuambiwa?"

Mama alinisogeza mbele, mkono wake begani kwangu. "Mwambie mjomba wako," akasema.

Nikamwambia.